Unaanza kusoma matangazo, chapa na mahusiano ya umma chuoni? Anzia hapa

Kila muhula mpya maswali ni yaleyale. Lazima nijue kuchora? Kuna hesabu? Ina tofauti gani na masoko? Nitaajiriwa wapi? Nijibu upesi tuendelee. Kuchora si lazima. Hesabu zipo, lakini ni za asilimia, bajeti na kusoma majedwali. Masoko yanashughulika pia na bidhaa yenyewe, bei yake na njia za kuifikisha kwa mnunuzi. Kozi hii imejikita kwenye kinachosemwa, kinavyosemwa na watu wanavyokipokea. Ajira ziko kwenye mawakala wa matangazo, vitengo vya mawasiliano vya kampuni na taasisi, mashirika yasiyo ya kiserikali, vyombo vya habari na, kwa mtu aliyejipanga, kazi za kujitegemea.

Kuna swali moja ambalo karibu hakuna anayeuliza, na ndilo linaloangusha watu: siku kazi ya kwanza ikitolewa darasani, naanzia wapi? Wengi huanzia kwenye kaulimbiu. Wengine hufungua programu ya usanifu na kuanza kuchagua rangi za nembo. Baada ya wiki kadhaa wana kitu kinachopendeza macho, mhadhiri anauliza, "Hiki kinatatua nini?" na kikundi kizima kinatazama chini.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu inapotolewa hadi inapoingia kwenye jalada lako, yaani mkusanyo wa kazi zako utakaomwonyesha mwajiri. Mfano ni wa kubuni, ila chuo chochote kinaweza kuwa nao: klabu ya wanafunzi wanaochangia damu inataka wachangiaji zaidi, na kikundi chako kimepewa kuiandalia kampeni.

Vitu vya kuwa navyo

Huhitaji vingi. Daftari la karatasi ambalo halitumiki kwa somo lingine. Simu inayopiga picha zinazosomeka. Kompyuta, yako au ya maabara ya chuo, yenye programu ya kuandika, ya majedwali na ya slaidi. Programu moja ya usanifu, hata ya bure. Usijifunze tatu kwa wakati mmoja. Folda moja mtandaoni yenye majina ya mafaili yanayoeleweka, maana faili linaloitwa "mwisho kabisa 2 sahihi" halitakusaidia siku ya usaili.

La mwisho si kifaa: mazoea ya kuandika. Watu huingia kozi hii wakidhani ni ya picha na video. Utaandika kuliko unavyotarajia: ripoti za utafiti, maelekezo, hotuba, taarifa kwa vyombo vya habari, maneno ya bango, majibu ya malalamiko. Kama kuandika ukurasa mmoja safi kunakuchosha, anza mazoezi kabla muhula haujaanza.

Hatua kwa hatua

1. Tenganisha mambo matatu yaliyo kwenye jina la kozi

Tangazo ni nafasi uliyolipia, kwa hiyo wewe ndiye unayeamua kitakachosemwa humo. Mahusiano ya umma ni kazi ya kujenga na kulinda uaminifu kati ya taasisi na watu wanaoihusu: wateja, wafanyakazi, majirani, waandishi wa habari, wasimamizi wa sheria. Huko nafasi hainunuliwi; mhariri anaweza kuitupa habari yako au akaitumia kwa namna usiyoipenda. Chapa ni kile kinachobaki kichwani mwa watu baada ya hayo yote, pamoja na yale waliyoyaona wenyewe walipotumia bidhaa au huduma.

Inatosha kwa sasa. Nadharia utafundishwa. Ukijua mipaka hii mitatu, hutamwambia mteja anunue tangazo pale ambapo shida yake ni kwamba wafanyakazi wake hawapokei simu.

2. Fungua daftari la uchambuzi

Kila wiki chagua kazi tatu: tangazo, bango, ukurasa wa kampuni, taarifa ya kuomba radhi, chochote. Bandika picha, kisha jibu maswali manne kwa maandishi. Inaongea na nani? Inasema jambo gani moja? Inataka mtu afanye nini baada ya hapo? Kwa nini imewekwa pale ilipo?

Usichambue unazozipenda tu. Zile mbaya zinafundisha zaidi, kwa sababu makosa yake yanaonekana wazi. Na usiishie kwenye "inavutia". Neno hilo lifute kabisa kwenye daftari lako, halimwambii mtu chochote.

Mifano miwili ya kuanzia. Mwaka 1959 wakala wa Doyle Dane Bernbach wa New York alitengeneza tangazo la gazetini la Volkswagen ambamo picha ya gari iliwekwa ndogo, pembeni, na karibu ukurasa wote ukaachwa mtupu. Wakati ule matangazo ya magari Marekani yalishindana kwa ukubwa na mapambo. Hili lilikiri kwamba gari ni dogo, likageuza udogo huo kuwa sababu ya kulinunua. Wa pili ni M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom nchini Kenya mwaka 2007. Teknolojia yake ilikuwa ngeni kabisa, ila tangazo halikuhubiri teknolojia. Lilisema tuma pesa nyumbani. Mtu aliye mjini na mzazi kijijini hakuhitaji maelezo zaidi.

Ziweke zote mbili kwenye maswali manne uone zinavyojibu.

3. Isome brifu, halafu usiiamini

Brifu ni maelekezo ya kazi kutoka kwa mteja: anataka nini, kwa ajili ya nani, kwa bajeti gani, lini. Hapa ndipo alama nyingi hupatikana au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuseme klabu ya damu imekuandikia: "Tunataka kuongeza uelewa wa wanafunzi kuhusu umuhimu wa kuchangia damu." Kikundi cha kawaida kitaanza kutengeneza mabango ya kuelimisha. Wewe kwanza uliza: uelewa ndio unaokosekana? Kuna mwanafunzi asiyejua kwamba damu huokoa maisha? Kama wanajua na bado hawaji, basi ujuzi si tatizo, na mabango elfu ya kuelimisha hayatamleta hata mmoja.

Fanya hivi. Chukua brifu, iandike upya kwa maneno yako katika aya moja. Piga mstari chini ya kila neno pana: uelewa, vijana, kuboresha, taswira, jamii. Mbele ya kila neno andika swali la kumuuliza mteja. "Vijana" ni wa mwaka wa kwanza au wote? Wanaoishi bwenini au wanaokuja na kurudi? "Zaidi" ni wangapi, na sasa ni wangapi? Wachangiaji wapya, au waliowahi kuchangia warudi? Kisha nenda kwa mteja na maswali hayo, pata majibu, yaandike na umrudishie ayathibitishe.

Tuseme klabu inakujibu kwamba siku za uchangiaji watu wapya huja wa kutosha, lakini wengi huchangia mara moja tu na hawaonekani tena. Umeshapata tatizo tofauti na lile lililoandikwa. Kampeni ya kumrudisha mtu aliyekwisha kuvuka woga wa sindano haifanani hata kidogo na ya kumshawishi ambaye hajawahi.

Angalia: kuhoji brifu si kumdharau mteja. Usiende kumwambia kuwa amekosea. Muulize maswali hadi alione mwenyewe, na umwachie nafasi ya kusema ndivyo alivyokuwa anamaanisha tangu mwanzo.

4. Nenda ukawasikilize watu

Kosa la kwanza la utafiti darasani ni kukimbilia hojaji. Unatunga maswali ishirini, unayarusha kwenye makundi ya WhatsApp, marafiki zako wanajaza, unachora grafu za duara. Umepima mawazo yako mwenyewe, kwa sababu majibu ya kuchagua uliyaandika wewe.

Anza na mazungumzo. Tafuta wanafunzi wachache waliochangia mara moja hawakurudi, na wachache wanaochangia kila mara. Waulize kuhusu kilichotokea, si kuhusu maoni. "Niambie ile siku ulipochangia, ilikuwaje tangu ulipofika?" inazaa kuliko "Unaonaje huduma ya uchangiaji damu?" Acha wanyamaze; anayenyamaza sekunde chache mara nyingi ndipo anasema la kweli. Rekodi kwa ridhaa yao, andika maneno yao yalivyo. Ukishajua mambo yanayojirudia, hapo ndipo utunge hojaji fupi ya kujua ni wangapi wanafanana nayo.

Kuna tukio la kukumbuka kila unapotunga swali. Mwaka 1985 Coca-Cola ilibadilisha ladha ya kinywaji chake baada ya kuwaonjesha watu karibu 200,000, na wengi walipenda ladha mpya. Watu walipoambiwa kuwa ya zamani imeondolewa, walikasirika, na siku 79 baadaye kampuni ikairudisha. Waonjaji hawakudanganya. Waliulizwa kipi ni kitamu zaidi, na walijibu hilo.

Tahadhari: taarifa za afya ni siri ya mtu. Usiombe orodha ya wachangiaji ili uwapigie. Iombe klabu iwatangazie, atakayekubali ajitokeze. Na kazi ikihusu watu, uliza mapema kama chuo chako kinataka kibali cha maadili ya utafiti. Usije ukakusanya data usiyoruhusiwa kuitumia.

5. Andika sentensi moja

Hiki ni kipande kigumu kuliko vyote, na kinaweza kukuchukua siku nzima. Tumia umbo hili:

Kwa (nani), ambaye (yuko katika hali gani), tunasema (jambo moja), ili (afanye nini). Ataamini kwa sababu (uthibitisho).

Tuseme mazungumzo yamekuonyesha kwamba waliochangia mara moja hawakuogopa wala kuchukizwa. Walikuwa tayari kurudi, ila hakuna aliyewaambia lini wanaruhusiwa, na muda ukapita. Sentensi yako inakuwa:

Kwa mwanafunzi aliyechangia damu mara moja, ambaye angerudi ila hajui lini, tunasema tarehe yake imefika, ili ajiandikishe wiki hii. Ataamini kwa sababu klabu inayo kumbukumbu ya siku aliyochangia.

Isome kwa sauti. Ukiona kwenye "tunasema" kuna "na" katikati, una mambo mawili, kata moja. Ukiona "nani" ni "watu wote", rudi hatua ya 4.

Sentensi hii haitoki hadharani. Ni ya ndani, ya kukupimia kila wazo litakalofuata. Vikundi vingi huiruka kwa sababu haina rangi.

6. Sasa tunga, na utunge mengi

Jiwekee saa moja na kurasa tupu. Andika mawazo bila kuyahukumu, mabaya yakiwemo. Yale ya kwanza karibu yote yatakuwa ya kila mtu: tone la damu lenye tabasamu, mkono ulioshika moyo, "Damu ni uhai, changia leo". Kaulimbiu hiyo haina kosa lolote, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: kila mtu anaikubali na kupita zake.

Ukiishiwa, endelea. Rudi kwenye sentensi uulize mtu huyu yuko wapi tarehe yake inapofika, ameshika nini, anaangalia nini. Hapo wazo linaweza kuja ambalo hata si bango: kadi ndogo anayokabidhiwa mchangiaji palepale, tarehe ya kurudi imeandikwa kwa mkono na mhudumu, halafu ujumbe wa simu kutoka klabuni siku hiyo inapofika, wenye maneno matatu tu, "Tarehe yako imefika." Muda wa kungoja kati ya uchangiaji na mwingine huwekwa na huduma ya damu, kwa hiyo tarehe lazima itoke kwao, usiikisie.

Chagua kwa kupima, si kwa kura. Kura ndani ya kikundi huchagua wazo lisilomuudhi yeyote, na hilo huwa limepooza. Weka kila wazo mbele ya sentensi, uliza kama linasema jambo lile, kwa mtu yule, na linamfanya afanye kile. Yanayobaki yaonyeshe kwa watu watatu wa kundi lengwa bila kueleza chochote. Ukilazimika kueleza, bado halijakaa.

7. Gusa chapa kwa uangalifu

Kama klabu ina nembo, usiibadilishe kwa sababu tu umejifunza programu mpya. Uliza kwanza watu wanaitambulisha klabu kwa kitu gani. Januari 2009 Tropicana ilibadilisha pakiti ya maji yake ya machungwa huko Marekani, ikaondoa picha ya chungwa lililochomekwa mrija ambayo wanunuzi walizoea kuitafuta rafuni. Mauzo yalishuka kwa takriban asilimia 20 kabla miezi miwili haijaisha, na pakiti ya zamani ikarudishwa. Kilichokuwa ndani ya pakiti hakikuguswa.

Kinachohitajika mara nyingi ni ukurasa mmoja wa mwongozo wa chapa: rangi zipi, herufi zipi, klabu inaongeaje (kirafiki au kirasmi, inamwita msomaji "wewe" au "ninyi"), na mambo gani haisemi kamwe. Kwa klabu ya damu, kwa mfano, isimtishe mtu wala kumwaibisha asiyeweza kuchangia.

Kwa wanaoota nembo: ile alama ya Nike ilichorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson, wakati huo mwanafunzi wa usanifu, kwa malipo ya dola 35. Ni alama nzuri, lakini mwaka ule haikumaanisha lolote kwa mtu yeyote. Maana iliingizwa baadaye, na viatu, wanariadha na miaka ya matangazo.

8. Andika taarifa kwa vyombo vya habari

Hata kama brifu haikuiomba, iandike. Ni zoezi ambalo mwajiri ataliomba kwenye usaili. Ukurasa mmoja. Kichwa kiseme habari, si sifa: "Wachangia damu chuoni kukumbushwa tarehe zao kwa simu" ni habari, "Klabu yazindua kampeni ya kipekee" siyo. Aya ya kwanza ijibu nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Aya ya pili itoe maelezo na takwimu moja inayothibitika. Kisha nukuu ya mtu anayehusika, halafu maelezo mafupi kuhusu klabu, jina na namba ya mtu wa kuwasiliana naye. Mtu huyo apokee simu.

Angalia mambo mawili. Nukuu isibuniwe. Mnaweza kumwandalia kiongozi wa klabu maneno, lakini aisome, airekebishe na akubali kwamba ni yake. La pili ni kuficha anayelipa. Utasimuliwa darasani habari ya Edward Bernays, mmoja wa waanzilishi wa mahusiano ya umma Marekani: mwaka 1929, akilipwa na kampuni ya tumbaku ya American Tobacco, alipanga wanawake wavute sigara hadharani kwenye matembezi ya Pasaka jijini New York, ikaonekana kama harakati ya uhuru wa wanawake. Baadhi ya wanafunzi huisikia wakaishia kushangilia werevu wake. Mimi naiona kama mfano wa kile usichopaswa kufanya: umma ulioneshwa harakati, mkono wa kampuni ukafichwa. Ivy Lee, mwanzilishi mwingine wa fani hii, miaka mingi kabla yake, mwaka 1906, alikuwa ameshawaandikia wahariri kwamba kazi yake inafanywa waziwazi. Ukimlipa mshawishi wa mtandaoni leo na asiseme amelipwa, unarudia yale ya 1929.

Andaa pia nusu ukurasa wa dharura: mchangiaji akizimia na video ikasambaa, nani anaongea, anasema nini kwanza? Kesi ya kujifunzia ni Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu. Mwaka 1982 watu saba walikufa eneo la Chicago baada ya mtu kutia sumu ya sayanidi kwenye vidonge madukani. Johnson & Johnson, kampuni iliyokuwa ikiimiliki dawa hiyo, iliwaonya watu waziwazi, ikaondoa chupa zipatazo milioni 31 sokoni kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100, na ikarudi mwaka huohuo na vifungashio vinavyoonyesha kama vimefunguliwa. Ona mpangilio: usalama wa watu, kisha kitendo, kisha maneno. Taarifa za dharura za wanafunzi nyingi huanza na maneno na kuishia hapohapo.

9. Panga upimaji kabla kampeni haijaanza

Amua namba itakayokuambia umefaulu, na ujue ilikuwa ngapi mwanzoni. Kwa klabu hii namba ni moja: kati ya waliochangia mara ya kwanza, wangapi walirudi? Mengine (walioona bango, waliopenda chapisho, mara ngapi redio ya chuo ilitaja klabu) yaandike, ila ujue yanapima kazi uliyofanya, hayapimi kilichobadilika.

Usipime safu za gazeti ukazizidisha kwa bei ya tangazo kisha ukasema kampeni ina "thamani" fulani. Mbinu hiyo ilikataliwa rasmi katika Kanuni za Barcelona, zilizokubaliwa na wataalamu wa upimaji wa mawasiliano mwaka 2010, na bado utaikuta kwenye ripoti za watu wazima wenye vyeo.

10. Wasilisha

Dakika kumi zikitolewa, jiandae kwa nane. Anza na tatizo, si historia ya klabu. Onyesha mtu mmoja mliyezungumza naye, bila jina lake, na maneno aliyosema. Sentensi yenu. Wazo. Lilivyo kwenye kadi, simu na bango. Upimaji na gharama. Basi.

Mtu mmoja asisome slaidi zilizoandikwa na mwingine. Swali likija msilojua jibu lake, semeni mtalitafuta, na kweli mlitafute.

11. Iingize kwenye jalada wiki hiyohiyo

Usingoje mwaka wa mwisho. Kila kazi iwe kurasa mbili au tatu: tatizo, mlichogundua, sentensi, kazi yenyewe, matokeo kama yapo. Taja waziwazi sehemu uliyofanya wewe. Weka neno "kazi ya darasani" pale inapohusika; kumdanganya mwajiri kwamba mlilipwa na kampuni fulani hugundulika kwa simu moja.

Kazi nne hadi sita zilizoelezwa vizuri zinatosha kuombea nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Ishirini zenye picha tupu hazitoshi.

Ukikwama

"Mhadhiri anasema kazi ni nzuri ila haina mkakati." Ametafuta ile sentensi ya hatua ya 5 hakuiona, au ameiona lakini wazo lako haliifuati. Iandike juu ya ukurasa na ukate kila kisichoitumikia.

"Sijui kuchora na kila mtu kikundini ni mbunifu." Kuna nafasi ya mpanga mkakati, mtu anayeleta sauti ya mlengwa ndani ya wakala, kazi hiyo ilipata sura yake London mwaka 1968, kwa Stanley Pollitt na Stephen King, kila mmoja kwenye wakala wake. Kuna waandishi, wasimamizi wa wateja, wanunuzi wa nafasi za matangazo, wachambuzi wa takwimu. Shika hatua ya 3 na ya 4, wenzako watakutafuta.

"Wenzangu kikundini hawafanyi kazi." Siku ya kwanza andikeni nani anakabidhi nini na lini, kwenye ujumbe ambao wote wanauona. Anayechelewa akumbushwe humohumo, kwa upole. Ikifika mara ya pili, mpelekee mhadhiri ujumbe huo ukiwa bado una muda, si usiku wa kuamkia uwasilishaji.

"Naweza kutumia akili mnemba?" Soma kanuni za chuo chako kwanza. Zikiruhusu, itumie kupanga maelezo ya mahojiano au kukupa mawazo ya kawaida ili ujue ya kuyakwepa. Isikutungie majibu ya wahojiwa, na takwimu yoyote inayokupa itafutie chanzo kabla hujaiweka kwenye slaidi. Ukitumia, sema umetumia.

"Mhariri hajajibu." Angalia kama kichwa kina habari. Angalia kama umemtumia mwandishi anayeandika mambo hayo, au umerusha kwa anwani zote ulizopata. Kumbusha mara moja, kwa mistari miwili, ukiongeza kitu kipya: picha, takwimu, mtu wa kuhojiwa. Akinyamaza tena, mwache.

"Mteja amekataa wazo letu bora." Muulize ni sehemu gani ya ile sentensi haikubali. Akikataa sentensi, rudini hatua ya 3 pamoja naye. Akikubali sentensi ila hapendi wazo, mna kurasa zile za hatua ya 6. Chukueni la pili. Lile lililokataliwa liweke kwenye jalada, na uandike kando yake sababu aliyotoa.